Saratani ya kongosho, kemo, na habari za choo ambazo kwetu hazisemwi: tuliyopitia na baba

Karafuu_Mbichi (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Uzi huu nimekaa nao kichwani miezi mitatu, kwa sababu unahusu choo cha babaangu. Kwetu Wete mtoto wa kike hamwulizi baba yake amekwenda msalani mara ngapi. Anamwuliza mama, mama anauliza kwa kuzunguka, na jibu linarudi: "Hajambo." Hilo "hajambo" lilitugharimu wiki sita na kilo nyingi za mwili wake. Baba mwenyewe kanipa ruhusa niandike, kasema mradi jina lake lisitajwe.

Aligundulika na saratani ya kongosho mwaka jana, baada ya macho kuwa manjano na mkojo kuwa kama chai ya rangi. Njia ya nyongo ilikuwa imebanwa, akawekewa mrija, umanjano ukatoka, ndipo akaanza kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, huko bara. Alipewa mchanganyiko wa dawa nne, wanauita FOLFIRINOX. Unarudiwa kila baada ya siku 14, na dawa ya mwisho haiishi hospitali: unaondoka nayo kwenye kipampu kidogo cha kuning'iniza kiunoni, inapita taratibu kwa saa 46 hivi. Sisi tulikuwa tunafikia kwa shangazi Dar, tukisubiri kipampu kitolewe, halafu boti mpaka Unguja, halafu Pemba.

Kosa letu la kwanza lilikuwa maji baridi. Karatasi ya maelekezo tulipewa, nikaikunja nikaitia mkobani pamoja na risiti. Siku ile tumeketi bandarini, joto la kaskazi, mzee kaomba maji, nikamnunulia chupa iliyotoka kwenye barafu. Funda moja tu. Akashika koo, macho yamemtoka, hawezi kusema wala kumeza, vidole vinamchoma kama aliyeshika upupu. Mimi nilishaanza kumtamkisha shahada. Baada ya dakika chache ikaachia. Ile dawa inayoitwa oksaliplatini hufanya mishipa ya fahamu isistahimili baridi kwa siku kadhaa baada ya dripu: kinywaji baridi, kushika kitu cha friji, hata upepo wa feni usoni. Pumzi haikuwa imeziba, koo ndilo lililojibana, lakini nani angejua? Tangu siku hiyo siku tano au sita za mwanzo ni maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya chai. Mtu aliyezoea maji ya mtungi maisha yake yote, kunywa maji ya moto mwezi wa Februari ni adhabu, lakini kakubali.

Sasa tumbo lenyewe. Mzunguko wa kwanza na wa pili alikuwa anaharisha siku ya tatu au ya nne, tukaambiwa ni irinotekani, mojawapo ya zile dawa nne, tukapewa loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha, ikakata. Vizuri. Kuanzia mzunguko wa tatu mambo yakawa siyo yale. Haharishi maji, lakini anakwenda mara tano, sita, kila baada ya kula. Tumbo linajaa gesi mpaka anafungua vifungo vya kanzu. Anakula na anakonda. Sisi tukasema ni ile ile kemo, tukaongeza loperamidi, na mama akapunguza mafuta: hakuna nazi, hakuna samaki wa kukaanga, hakuna siagi kwenye boflo. Wali mweupe na mchuzi wa maji. Akazidi kukonda. Kutoka kilo 71 akafika 58, na saa ya mkononi inapanda mpaka kwenye kiwiko.

Asubuhi moja maji yalikatika, nikaingia msalani baada yake na ndoo ili nimwagie. Nikamwaga ya kwanza, bado. Ya pili, bado. Choo kinaelea, rangi ya njano ya mpauko, na juu ya maji pana viduara vya mafuta kama vya mchuzi wa kuku uliopoa. Harufu sitaieleza. Nikasimama pale na ndoo yangu nikajua kwamba hii siyo kuharisha ya dawa.

Nikampigia daktari. Alichonieleza ndicho kilichonifanya niandike hapa. Kongosho ndilo linalotoa vimeng'enya vya kusaga chakula, hasa mafuta. Uvimbe ukiziba mfereji wake, au kongosho likiwa limechoka, vimeng'enya havifiki tumboni. Chakula kinapita kama kilivyoingia, mafuta yanatoka na choo, na vitamini zinazosafiri na mafuta, A, D, E na K, zinatoka nayo. Hiyo siyo kemo, ni ugonjwa wenyewe. Loperamidi hapo inachelewesha tu choo kutoka, haisagi kitu. Na kumnyima mafuta mtu wa namna hiyo ni kumwongezea njaa.

Dawa yake ni vidonge vya vimeng'enya, pancreatin. Baba aliandikiwa uniti 50,000 kwa mlo mkubwa na 25,000 kwa kitafunwa chenye maziwa au mafuta. Havinywewi nusu saa kabla wala baada. Vinaanza na tonge la kwanza, na mlo ukiwa mrefu kimoja kinabakizwa cha katikati. Havitafunwi, havisagwi, wala haviteremshwi na chai ya moto, kwa sababu joto linaviua. Kwa ajili hiyo hiyo havitakiwi kukaa mahali panapozidi nyuzi 25. Nyumba yetu ni ya bati. Tunaviweka kwenye kopo lililofungwa vizuri, sakafuni, chumba cha ndani kisichopigwa na jua.

Wiki ya pili ya vidonge mama alirudisha kasimile jikoni. Muhogo wa nazi, sahani nzima.

Naomba wenye uzoefu waongeze. Nitajibu nikipata nafasi.

Mtumbatu_77

Wa alaykum salaam dada. Allah amponye mzee. Mimi nina kaka yangu, yuko mzunguko wa pili. Anaharisha, lakini sijui ni ya aina gani na kaka ni mtu mzima, ukimwuliza anakwambia "tumbo tu". Nitatofautishaje bila kuingia naye msalani?

Karafuu_Mbichi

Ndugu yangu, mwulize maswali ambayo jibu lake siyo aibu. Usiulize "ikoje". Uliza "inaelea au inazama?" Uliza "umemwaga maji mara ngapi?" Uliza "inakuja baada ya kula au hata usiku ukiwa umelala?" Baba alishindwa kunijibu la kwanza miezi miwili, la "umemwaga mara ngapi" akajibu siku hiyo hiyo.

Kwa jinsi tulivyoelezwa: ya irinotekani mara nyingi ni maji matupu, inakuja siku kadhaa baada ya dripu, inaweza kumwamsha usiku, na ina mwisho. Ya kongosho inafuata chakula, ni nzito, ina mafuta, inaelea, na haijali ni siku ya ngapi tangu dripu. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili, na ndivyo ilivyokuwa kwa baba. Daktari ndiye wa kuamua, lakini hataamua ikiwa wewe unamwambia "tumbo tu".

Nesi_Mstaafu_Chake

Mwanangu Karafuu, umefanya jambo la maana kuandika. Nimekaa wodini miaka mingi na nakwambia, wagonjwa wanaume wa huku wanaficha choo kuliko wanavyoficha maumivu.

Naongeza mawili matatu.

Ile irinotekani inaharisha kwa namna mbili. Ipo ya papo hapo, ndani ya saa 24, hata dripu ikiwa bado mkononi: mgonjwa anatokwa jasho, mate yanajaa mdomoni, machozi yanamtoka, tumbo linamsokota. Asivumilie, amwite muuguzi, kuna sindano ya atropini inayotuliza haraka. Nyingine ni ya siku za baadaye, hiyo ndiyo ya loperamidi. Kwa dawa hii kipimo chake ni kikubwa kuliko kile cha mtu aliyekula chakula kibaya: viwili mwanzoni mara tu choo kinapolegea, kisha kimoja kila saa 2 mpaka zipite saa 12 bila kuharisha, na isizidi siku mbili bila kurudi hospitali. Hapo nasema vidonge vya miligramu 2, na nasema kwa aliyeandikiwa na daktari wake. Msimwige mgonjwa mwengine.

Akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, usimeze loperamidi ukalala. Ni hospitali, saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Kemo inashusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, na homa ndiyo kengele pekee mtakayoisikia. Nunueni kipimajoto. Mkono wa mama kwenye paji la uso hautoshi.

Na kuna kitu kinawadanganya watu wengi: mgonjwa aliyefunga choo siku tano, halafu ghafla anavuja maji maji. Familia inasema anaharisha, inampa loperamidi. Kumbe choo kigumu kimeziba, na maji yanapenya pembeni. Dawa za kuzuia kutapika kama ondansetroni zinafunga choo, na za maumivu za jamii ya mofini ndiyo kabisa. Kabla ya kutoa dawa yoyote, uliza mara ya mwisho alipata choo cha kawaida lini.

Choo cheusi kama lami au chenye damu, kutapika mpaka maji hayakai siku nzima, tumbo kuvimba na kuwa gumu: hayo si ya kuuliza mtandaoni. Na aliyewekewa mrija wa nyongo, macho yakirudi manjano au akitetemeka kwa homa, mrija huenda umeziba. Aende mara moja.

Mwana_wa_Mkoani

Mama yangu yuko kwenye gemsitabini, siyo ile ya dawa nne. Kuharisha si sana, ila kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ndiyo mtihani. Nyumba yetu iko karibu na diko. Harufu ya ng'onda tu ikiingia dirishani anageukia ukutani. Chakula alichokipenda miaka sitini sasa anasema kina ladha ya msumari.

Yaliyotusaidia sisi ni haya, kila mtu aone lake. Kupika kumehamishiwa nyuma ya nyumba kwa jirani, chakula kinamfikia kimeshapoa kidogo, maana cha moto ndicho kinachotoa harufu. Sahani imekuwa kisahani cha kikombe. Tukimwekea sinia anaangalia tu na kusema kashiba. Kijiko kimekuwa cha plastiki, ladha ya chuma imepungua. Dawa ya kuzuia kutapika anameza kabla tumbo halijachafuka, saa imewekwa kwenye simu. Mwanzo tulikuwa tunasubiri atapike ndiyo tumpe, na anaitapika na yenyewe. Tangawizi kwenye chai anaipenda, inamtuliza kiasi.

Swali: mimi nimekuwa nampa madafu tu akiharisha. Yanatosha?

Nesi_Mstaafu_Chake

Dafu ni zuri mwanangu, lina potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo, na anayeharisha anapoteza chumvi. Mpe ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Paketi ikikosekana: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi kwa kukisia. Anywe kwa mafunda madogo madogo. Dafu libaki la kuburudisha.

Na mpimeni sukari. Kongosho likiugua, kisukari huweza kuingia kimya kimya. Mgonjwa anayekunywa sana na kukojoa sana mnasema ni joto.

Mtumbatu_77

Ahsante mama nesi. Jana nilimwuliza kaka "inaelea au inazama". Alinyamaza kama dakika, akasema, "Inaelea tangu kabla ya kemo." Tangu kabla ya kemo! Leo tumewasiliana na daktari wake.

Ndimu_Kali

Dada Karafuu, samahani, nauliza kwa nia njema. Nimeambiwa hivyo vidonge vya vimeng'enya vinatokana na nguruwe. Ni kweli? Na kama ni kweli, mzee anajua?

Karafuu_Mbichi

Ni kweli. Vinatengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Nilikuwa nasubiri swali hili, na nafurahi limekuja kwa adabu.

Mfamasia alinieleza pembeni, kwa sauti ya chini. Kaka yangu alitaka tumfiche mzee. "Ni kidonge, hakina sura ya kitu." Mimi nikakataa. Baba kasali tangu ana miaka saba, hakuna mtu mwenye haki ya kumwekea kitu hicho mdomoni bila yeye kujua. Nikamwambia mwenyewe, barazani, baada ya Alasiri. Akakaa kimya mpaka Magharibi. Usiku hakula.

Siku ya pili akaomba apelekwe kwa sheikh wake, yule aliyemsomesha utotoni, mzee kuliko yeye. Sheikh hakukurupuka. Aliuliza mambo mawili: kipo kingine cha halali kinachofanya kazi hiyo, na ikiwa hakutumia kitamfika nini? Nikampigia daktari pale pale, simu ikawekwa sauti. Daktari akasema kwa ugonjwa huu hana kingine cha kulingana nacho, na asipotumia ataendelea kudhoofika mpaka asiweze kupewa kemo. Sheikh akasoma aya ya 173 ya Suratul Baqara, ile ya aliyelazimika bila kuasi wala kupindukia. Akamwambia baba, "Hiki ni dharura, na dharura ina kiasi chake. Meza kile ulichoandikiwa, usizidishe, na siku ukipata cha halali, badilisha." Baba akauliza kama atie nia ya toba kila akimeza. Sheikh akamwambia atie nia ya kupona.

Nasema haya kuhusu baba tu. Mwengine aende kwa sheikh wake, na aende na daktari kwenye simu, kwa sababu sheikh asipopata maelezo sahihi hatoi jibu sahihi. Ila wanafamilia, msimfiche mgonjwa.

Ndimu_Kali

Jazakillahu khayra. Mamaangu mdogo aliviacha kabatini kwa sababu hii hii, na hakumwambia mtu. Nitakaa naye.

Mwana_wa_Mkoani

Na Ramadhani? Mama anang'ang'ania kufunga.

Karafuu_Mbichi

Baba naye aling'ang'ania. Sheikh alimwambia ruhusa ya mgonjwa imo katika sura hiyo hiyo, aya ya 184 na 185, na kwamba kukataa ruhusa ya Mola si ucha Mungu. Ugonjwa wake si wa kutarajiwa kulipa baadaye, kwa hiyo tunalisha maskini kwa kila siku. Kinachomuuma ni futari. Anakaa nasi mkekani, anakula tambi za sukari kidogo na kidonge chake, anaitikia adhana.

Kuhusu vyakula, wengi wameniandikia faragha, naweka hapa. Siku za kuharisha maji: uji wa mchele mwepesi, ndizi mbivu, mbatata za kuchemsha, boflo kavu, supu ya changu iliyochujwa, na maharage yanapumzika. Urojo hapana, si kwa pilipili tu, ukwaju na embe mbichi vinamchoma vidonda vya mdomoni. Mdomo anasukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kila baada ya kula. Siku tumbo likitulia, anakula kila kitu pamoja na vidonge vyake: samaki wa nazi, mayai, parachichi. Milo sita midogo. Matunda na chai ya rangi havihitaji kidonge. Na dawa za mitishamba zilizoletwa na majirani wenye mapenzi, tumezipokea wote kwa shukrani na tumeziweka juu ya kabati mpaka daktari azijue moja moja, maana zipo zinazoharisha na zipo zinazogombana na kemo.

Mtumbatu_77

Kaka ameandikiwa vidonge, ameanza juzi. Dada, ulisema kuhusu daftari kwenye ujumbe wa faragha. Liweke hapa na wengine walione.

Karafuu_Mbichi

Ni daftari la skuli la kurasa 40. Mwanzo nilikuwa naandika mimi kwa kumwuliza mama. Safu zake: tarehe, siku ya ngapi tangu dripu, alichokula, vidonge vingapi, mara ngapi msalani, kinaelea au kinazama, kutapika, joto la mwili, uzito kila Ijumaa. Daktari wa huko bara alilisoma dakika mbili, akabadilisha kipimo cha vidonge na kumwongezea omeprazoli ili asidi ya tumbo isiviharibu vimeng'enya. Kabla ya hapo tulikuwa tunakaa mbele yake nusu saa tukisema "hajambo".

Mwezi uliopita baba alinyang'anya kalamu. Anaandika mwenyewe sasa, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni, ili wajukuu wasisome. Mimi nazisoma kwa shida, kwa hiyo kila jioni ananiita nikae kando yake ananisomea, macho kwenye karatasi, hanitazami.

Uzito Ijumaa iliyopita ulikuwa kilo 62. Ya leo imeandikwa hivi, nainakili kama ilivyo: "Jumatano. Siku ya tisa. Wali na kolekole wa nazi. Vidonge viwili. Mara mbili. Kimezama."